Nimeunganisha PC mpya: feni zinazunguka, kioo cheusi. Fundi anasema prosesa imekufa, ni kweli?

#1 RangiTatu

Wakuu, salaam.

Nimejiunganishia kompyuta mwenyewe kwa mara ya kwanza. Vilivyomo: prosesa Ryzen 5 5600 mpya ndani ya boksi lake, mazabodi ya B450 ya mtumba, RAM za DDR4 mbili za 8GB kila moja, kadi ya picha RX 580 ya 8GB ya mtumba, SSD ya M.2, na pawa saplai ya wati 500 iliyokuja pamoja na kasha.

Nikibonyeza kuwasha, feni zote zinazunguka na taa za kasha zinawaka. Feni za kadi zinazunguka kidogo halafu zinasimama. Monita inaandika No Signal kisha inalala. Kibodi haiwashi hata kile kitaa cha Num Lock, na hakuna mlio wowote.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo. Hakupima chochote. Alichungulia tu ndani ya kasha, akasema prosesa imekufa na yeye anayo nyingine ya kuniuzia. Sasa wakuu, prosesa iliyotoka kwenye boksi juzi inakufa kirahisi hivyo? Nipime nini kabla sijatoa hela tena? Nataka mashine ya kuhariri video za harusi, na hela yake nimeidunduliza muda mrefu.

#2 Msemakweli

Ungechukua laptopu ya mtumba mkuu, saa hizi ungekuwa umeshamkabidhi bibi harusi video yake.

#3 Bisibisi

Usinunue prosesa. Nimefanya kazi hii Arusha miaka mingi, na katika vitu vyote hapo ndani prosesa ndiyo ya mwisho kuishuku. Hufa, ndiyo, lakini mara chache sana, na aliyeiua mara nyingi ni umeme mbaya au mtu aliyekunja pini zake.

Nijibu haya kwanza. Kebo ya HDMI umechomeka kwenye kadi au nyuma ya bodi? Ryzen 5 5600 haina picha ndani yake, ni 5600G ndiyo inayo. Kwa hiyo tundu la HDMI la kwenye bodi kwako ni pambo tu. RAM umeziweka sloti zipi? Ukihesabu kuanzia upande wa prosesa, mbili zinakaa ya 2 na ya 4. Ule waya wa umeme wa pini 8 unaoingia juu kabisa karibu na prosesa umechomeka? Wengi huchomeka ule mpana wa pini 24 wakaridhika. Mwisho, angalia pembeni mwa bodi kama kuna vitaa vidogo vyenye maandishi, utuambie kipi kinabaki kinawaka.

#4 Luthuli Base

Boss, hiyo ni BIOS, ile programu ya bodi inayoiamsha mashine, hakuna kingine. B450 ilitoka 2018. Ryzen 5 5600 hii isiyo na X imetoka Aprili 2022. Bodi ya 2018 haiwezi kuijua prosesa ya 2022 mpaka uisasishe. Hapa Nairobi watu wananunua bodi za mtumba wakifikiri zimeharibika, kumbe zinataka BIOS mpya tu.

#5 Mama Seva

Naongezea kwa Luthuli, maana kuna historia hapo inayochanganya watu. Mwanzoni mwa Mei 2020 AMD, watengenezaji wa Ryzen, walitangaza kwamba prosesa za Zen 3, kizazi cha hiyo 5600, zitaingia kwenye bodi za B550 na X570 tu. Watu wa B450 walikasirika sana, na kabla mwezi haujaisha AMD wakageuza msimamo. Kwa hiyo 5600 inakaa kwenye B450 bila shida, sharti BIOS iwe mpya vya kutosha. Ingia ukurasa wa mtengenezaji wa bodi, tafuta orodha ya prosesa inazokubali, utaona toleo la BIOS linalohitajika mbele ya jina la 5600.

Bodi nyingine zina kitufe nyuma cha kusasishia BIOS kwa flashi bila prosesa wala RAM. Flashi iwe na mfumo wa faili wa FAT32, faili ulipe jina linalotakiwa na kitabu cha bodi, uchomeke kwenye tundu lililowekwa alama, ubonyeze, usubiri. Umeme ukikatika katikati bodi inaweza kuharibika, kwa hiyo tumia UPS.

#6 RangiTatu

Asanteni. Majibu: HDMI iko kwenye kadi. RAM ziko sloti ya 2 na ya 4. Waya wa pini 8 wa prosesa umeingia mpaka ukalia kak. Vitaa vipo vinne: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuwashia). CPU kinawaka kidogo, kinazima, halafu kinawaka DRAM na kinabaki hapohapo. Aliyeniuzia bodi alikuwa anatumia Ryzen 5 2600. Kitufe cha kusasishia BIOS hakipo.

#7 Luthuli Base

Alikuwa na 2600? Basi hakuwahi kuwa na sababu ya kugusa BIOS. Nimemaliza.

#8 Bisibisi

@Luthuli Base hujamaliza ndugu. Kama bodi haiijui prosesa, ningetarajia kitaa cha CPU kibaki kinawaka. Chake kinapita, kinakwama DRAM. Nakubali bodi hazifanani na zipo zinazodanganya, lakini mimi ningeanza na RAM.

RangiTatu, chomoa umeme ukutani, toa RAM zote, rudisha moja tu sloti ya 2. Isukume mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Bodi nyingi za siku hizi zina kishikizo upande mmoja tu, na huo upande usio na kishikizo ndio unaobaki juu kidogo bila mtu kuona. Ikigoma, jaribu ya pili.

#9 Kaskazi

Niko Unguja, nashughulika na kompyuta za mahoteli ya ufukweni. Kabla ya kujaribu jambo jingine lolote, zisafishe RAM hizo. Wewe uko Dar, hewa ni ileile yetu.

Chukua RAM uiinamishe kwenye mwanga wa dirisha uangalie yale meno ya dhahabu. Meno mazima yanang'aa sawasawa toka juu mpaka chini. Yaliyopigwa na hewa ya bahari yana ukungu, na sehemu ya chini inayogusana na sloti utaiona ina mstari mweusi uliofifia. Chukua raba nyeupe ya penseli, sugua taratibu kwa kufuata urefu wa jino, kutoka ndani kwenda ukingoni. Ukimaliza pangusa kwa spiriti safi ya aisopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Ile spiriti ya rangi ya kuwashia jiko usiitumie, inaacha utando.

#10 Mvita_01

Kaskazi amesema kweli, hapa Mombasa ni vivyo hivyo, hasa mashine iliyolala dukani muda mrefu. Ila raba usikandamize. Dhahabu ile ni nyembamba mno, ukiimaliza unabaki na nikeli na shaba, na hizo ndizo huliwa upesi zaidi. Na vumbi la raba usiache likaanguka ndani ya sloti.

#11 Babu Pentium

Vijana, mnazunguka mbali. Swali la kijana ni moja: prosesa ni nzima au imekufa? Hilo lina jibu la bei ya chai. Nunua spika ndogo ya mlio, ile yenye waya mfupi na plagi ya pini 4, uichomeke mahali palipoandikwa SPEAKER au SPK kwenye bodi. Toa RAM zote mbili. Washa. Bodi ikilia kulalamika kwamba haina RAM, basi prosesa yako iko hai, kwa sababu mlio ule unatokana na programu ya BIOS, na anayeiendesha programu hiyo ni prosesa. Maiti hailalamiki.

Ikinyamaza kabisa, hapo ndipo muanze kusema habari za BIOS, bodi na prosesa.

#12 Mama Seva

Babu, hilo ni jibu la maana kuliko yote humu. Fundi aliyesema prosesa imekufa angeweza kulifanya mbele ya mteja.

Na niseme hili kwa uzito wake. Mafundi wetu wanaumia kwa sababu wateja hawataki kulipia upimaji. Mtu anakuja na mashine, fundi anahangaika nayo mchana kutwa, akikuta ni RAM imelegea mteja anasema "kumbe kitu kidogo" anaondoka bila kutoa hata nauli. Matokeo yake fundi anajifunza kwamba hela iko kwenye kuuza kifaa. Ninaposimamia matengenezo kazini, upimaji una bei yake na matengenezo yana bei yake, na naona kazi inayofanyika ni tofauti kabisa.

#13 Kilowati

Mimi ni wa umeme, naomba mnisikilize. Pawa saplai "iliyokuja na kasha" ndiyo mtuhumiwa wangu. Namba 500 imeandikwa kwa rangi kubwa ubavuni, lakini cha kusomwa ni jedwali lile dogo: mstari wa +12V una ampea ngapi? Zidisha kwa 12 upate wati za kweli za upande unaolisha prosesa na kadi. Nimeona za "500" ambazo ukizidisha hazifiki hata 300. RX 580 peke yake imekadiriwa 185, prosesa 65, bado feni na vinginevyo.

Pima kwa mita wakati mashine imewaka: waya wa njano na mweusi. Kipimo cha ATX, kanuni ya pawa saplai za kompyuta, kinaruhusu asilimia 5 juu na chini, yaani 11.4 mpaka 12.6. Ukiona chini ya hapo, usiendelee na mengine.

Na wote mnaonunua pawa saplai za zamani, angalieni nyuma kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Jirani yangu aliletewa moja kutoka Marekani ikiwa imewekwa 115, akachomeka kwenye umeme wetu wa 230. Ililia kama fataki.

#14 Bisibisi

@Kilowati kwa mashine iliyokwama kwenye DRAM, kadi haijaanza kuvuta hata robo ya hizo 185. Hizo ni za wakati wa kazi nzito. Sikatai kwamba ni mbovu, nasema si hiyo inayoleta kitaa hiki.

#15 Kilowati

Mbovu haingoji wati. Volti ikiyumba sekunde ya kwanza tu, bodi inagoma kuamka. Tutaona.

#16 Mpita Njia

Samahani mwenye uzi, na mimi nina tatizo hilohilo. Ryzen 5 7600, bodi ya B650, RAM za DDR5, vyote vipya. Kioo cheusi, kitaa cha DRAM. Nimewasha nikazima mara nyingi, wapi.

#17 Mama Seva

Lako si hilohilo. Hizo za soketi ya AM5, kama B650 yako, na DDR5 zikiwashwa mara ya kwanza hujipima na RAM kabla ya kuleta picha, na kioo kinabaki cheusi muda wote huo. Dakika kadhaa, hata robo saa. Kila ukizima unairudisha mwanzo. Washa, ondoka, usiiguse. Tena 7600 ina picha ndani yake, kwa hiyo kwa majaribio toa kadi kabisa uchomeke HDMI kwenye bodi.

#18 Mpita Njia

Imewaka! Nimeiacha nikaenda kula, narudi nakuta BIOS iko kwenye kioo. Mungu akubariki Mama Seva.

#19 Msemakweli

RangiTatu uko wapi? Wageni wamekuja kwenye msiba wako wakapona wao.

#20 RangiTatu

Nipo wakuu, nilikuwa natafuta spika. Haya, mrejesho.

Bila RAM kabisa: bodi imelia! Milio mirefu inayojirudia. Kwa hiyo prosesa iko hai, Babu asante sana, umeniokolea hela nyingi.

Nimesafisha RAM kama Kaskazi alivyoelekeza, raba ilikuwa nyeupe ikatoka na weusi. Nimeweka moja sloti ya 2: kitaa cha DRAM kikapita, sasa kimebaki cha VGA. Bado hakuna picha.

Nikaazima kadi ndogo ya GT 710 kwa jirani mwenye stationari. Picha imekuja! BIOS inasoma Ryzen 5 5600 kwa jina lake na tarehe ya BIOS ni ya mwishoni mwa 2022. Nikarudisha RX 580, kioo cheusi, kitaa cha VGA.

#21 Kaskazi

@Luthuli Base "nimemaliza" yako iko wapi? Bodi imeisoma prosesa mpaka jina. Nadhani mwenye bodi alisasisha BIOS kabla ya kuiuza.

#22 Luthuli Base

Sawa, BIOS ya bodi ni nzima, hiyo tunaifuta. Lakini kadi nayo ina BIOS yake, na hapo ndipo naenda sasa.

RX 580 za 8GB zilizojaa masokoni nyingi zimetoka kwenye kuchimba sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi hizo zilimwagwa sokoni dunia nzima. Wachimbaji walikuwa wanabadilisha BIOS ya kadi ili kumbukumbu yake ikimbie zaidi. BIOS iliyochezewa mara nyingi haikubaliki kwenye bodi inayowaka kwa UEFI tupu, yaani njia mpya ya kuwaka. Bodi inaikataa na kioo kinabaki cheusi, ijapokuwa kadi yenyewe ni nzima.

Dawa: weka GT 710, ingia BIOS, tafuta CSM, mpangilio unaoruhusu kuwaka kwa njia ya zamani, iwashe, hifadhi. Zima, chomoa, rudisha RX 580. Pia angalia ukingo wa juu wa kadi kama kuna kiswichi kidogo, baadhi zina BIOS mbili. Kisukume upande wa pili wakati umeme umezimwa.

#23 Kilowati

Au tuseme lililo wazi: GT 710 inatumia wati 19, zote kutoka kwenye sloti. RX 580 inahitaji waya wake wa pini 8 kutoka pawa saplai. Kadi isiyohitaji umeme mwingi imeleta picha, inayohitaji imegoma. Nilisema nini #13?

#24 Mvita_01

Mimi niliuziwa RX 570 iliyotoka kuchimba, tundu la HDMI lilikuwa halitoi kitu ila DisplayPort ilikuwa inafanya kazi. Mpaka leo sijui kwa nini. RangiTatu, jaribu matundu yote, kila moja na kebo yake. Kama monita yako ina tundu la VGA tu na unatumia kile kigeuzi cha kwenda VGA, kitoe kwanza, vingi ni vibovu.

#25 Babu Pentium

Na sloti? Mnaisahau sloti. Kadi nzito ikining'inia bila skrubu nyuma, meno yake ya mwisho hunyanyuka. Safisha meno ya kadi kama ulivyosafisha RAM, kaza skrubu ya nyuma, halafu lalaza kasha ubavu ili kadi isimame wima. Washa hivyohivyo.

Na tahadhari moja: waya wa pini 8 wa prosesa na waya wa pini 8 wa kadi hufanana kwa mbali, lakini umeme umepangwa kinyume. Wa kadi mara nyingi umegawanyika 6 na 2, wa prosesa 4 na 4. Ukiona hauingii usiulazimishe.

#26 Msemakweli

Sasa nimeanza kufurahia uzi huu. Laptopu isingetupa elimu yote hii.

#27 RangiTatu

Mrejesho mwingine.

Kadi nimeipeleka kwenye mashine ya rafiki yangu, ile ya zamani ya Core i5 ya kizazi cha nne, kwa HDMI hiyohiyo na kebo hiyohiyo. Picha imekuja mara moja, tumecheza mpaka game. Kiswichi cha BIOS mbili kadi yangu haina.

Nikarudi nyumbani, nikaweka GT 710, nikawasha CSM, nikahifadhi, nikabadilisha kadi. Picha ikaja! Nikafika mpaka sehemu ya kuweka Windows. Ikajiwasha upya yenyewe wakati wa kuweka, kioo kikawa cheusi, na haijarudi tena tangu hapo.

Halafu kuna jambo jingine. Nikiongeza RAM ya pili, mara inapita, mara inakwama DRAM tena. RAM zenyewe, moja moja, zote zinafanya kazi kwenye sloti ya 2.

#28 Luthuli Base

CSM imewashwa, picha imekuja. Mnataka ushahidi gani tena? Mashine ya rafiki yake ya zamani bila shaka ina CSM tayari, ndiyo maana kule inawaka. Iliporudi kuwa nyeusi ni kwa sababu mipangilio imepotea. Betri ya bodi, ile CR2032, imechoka. Bodi ya mtumba hiyo. Badilisha betri, washa CSM upya.

#29 Bisibisi

@Luthuli Base hesabu haikubali. Alipobadilisha kadi alichomoa umeme, na mipangilio ilibaki, kwa sababu picha ilikuja. Ilipojiwasha upya umeme ulikuwepo muda wote. Betri mbovu ingepoteza mipangilio pale alipochomoa, siyo pale mashine ilipokuwa na umeme wake.

RangiTatu, hata hivyo pima hiyo betri. Mpya ni volti 3 na kitu. Na angalia saa ya BIOS: ikirudi nyuma kila ukichomoa ukutani, ibadilishe tu, haina gharama.

#30 Kilowati

Kwenye mashine ya rafiki kuna pawa saplai nyingine. Kadi imewaka mpaka ikacheza game. Nyumbani imewaka mara moja, kazi ilipoanza kuwa nzito ikajizima na kujiwasha. Kila kitu hapo kinanyooshea kidole boksi moja.

#31 Kaskazi

Na RAM ya pili inayopita na kukwama? Pawa saplai hiyo nayo inachagua sloti?

Mimi naona kuna ugonjwa wa pili. RAM zote nzima, sloti ya 2 nzima, ya 4 inasumbua. Ni uchafu ndani ya sloti, au ni pini ya prosesa. Hizi za AM4, soketi ya bodi yako, zina pini 1331 chini ya prosesa yenyewe, na ikikunjwa moja tu inayohusika na upande mmoja wa RAM, upande huo unayumba hivyohivyo.

#32 Mama Seva

Naunga mkono magonjwa mawili. Ila kabla ya kufungua prosesa, piga sloti ya 4 hewa ya kopo, na ujaribu RAM moja humo peke yake. Zipo bodi zinazogoma RAM ikiwa sloti hiyo tu, kwa hiyo soma kitabu chake kwanza usije ukajidanganya.

#33 Bisibisi

Na ukifikia kufungua prosesa: usivute hitasinki, kile kipoza joto cha juu ya prosesa, moja kwa moja. Kwenye AM4 pesti ya kupitishia joto ikishagandamana, hitasinki hutoka na prosesa yake imeng'ang'ania chini, ingawa kile kishikio cha soketi kimefungwa. Hapo ndipo pini hukunjwa. Washa mashine ipate joto kwanza, izime, chomoa, kisha izungushe hitasinki kushoto na kulia kidogo kidogo mpaka uisikie imeachia. Ndipo uinyanyue. Pini iliyolala hunyooshwa kwa kadi ya benki iliyopitishwa katikati ya mistari, kwa subira.

Angalia pia ulivyokaza skrubu za hitasinki. Upande mmoja ukikazwa kupita mwingine, RAM huanza kusumbua na mtu hawezi kudhani.

#34 Mvita_01

RangiTatu, na aliyekuuzia kadi na bodi, ulipatana naye siku ngapi za kurudisha? Huku kwetu hata ya mtumba tunaandikishana wiki moja. Ndugu zangu wanaoleta mizigo kutoka mtaa wa kompyuta pale Bur Dubai huniambia muuzaji kule huwasha kifaa mbele yako ukiomba. Omba hilo kila mahali.

#35 RangiTatu

Bodi tuliandikishana, kadi hapana. Ninayo mpaka mwisho wa wiki kuamua kama bodi inarudi.

Mpango: rafiki yangu amekubali nichukue pawa saplai yake Jumamosi, nipime na yangu kwa mita kama Kilowati alivyosema. Betri nimeshanunua. Prosesa nitaifungua mwisho kabisa.

#36 Luthuli Base

Ombi moja: usibadilishe betri na pawa saplai siku moja. Ikiwaka, mimi na Kilowati tutagombana mpaka mwaka kesho.

#37 Kilowati

Hapo nakubaliana naye. Anza na pawa saplai, betri iache ilivyo, RAM moja tu sloti ya 2. Na uweke kazi nzito kwenye kadi, usiridhike na kuona BIOS.

#38 Kaskazi

Na kama ikiwaka na bado RAM ya pili inakwama, rudisha bodi ungali na siku zako.

#39 Mpita Njia

Wakuu, kabla hamjatawanyika. RAM zangu zimeandikwa kasi ya 6000 lakini BIOS inasoma 4800. Nimeuziwa feki?

#40 Mama Seva

Hapana, ndivyo zinavyoanza. Ingia BIOS, washa EXPO au XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi iliyoandikwa, hifadhi. Itajipima upya na kioo kitakuwa cheusi tena kwa muda. Usiizime.